Dhiki Yaweza Kuwa Pambo?

Walimu wa lugha tuna ugonjwa mmoja ambao hatupendi kuutaja hadharani: hatuwezi kupita mbele ya maandishi bila kuyasahihisha. Yawe ukutani pa mgahawa, ubavuni mwa basi au juu ya mkoba wa mtoto wa shule, macho yetu huikimbilia herufi iliyokosewa kabla hayajaupokea ujumbe. Ugonjwa huu ndio uliotuponza mjini Juba mwezi Julai 2022, siku chache baada ya Siku ya Kiswahili Duniani kuadhimishwa kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa yaliyotupata huko yametuachia swali ambalo hatujaweza kulimaliza peke yetu, tumeona heri tuliweke mbele ya walimu wenzetu nao walipime.

Tulikwenda Juba kwa mwaliko wa shule moja ya sekondari iliyotaka kuanzisha vipindi vya Kiswahili. Jambo hilo halina ajabu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo serikali yake imetamka mara kadhaa nia ya kukiingiza Kiswahili mashuleni. Lugha rasmi, kwa mujibu wa katiba ya mwaka 2011, ni Kiingereza. Lugha ya sokoni na ya mzaha ni Kiarabu cha Juba, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kinubi kinachosemwa Kibera na Bombo. Lakini Kiswahili nacho kipo, wala hakikutungoja sisi walimu. Kilikuja na madereva wa malori wapitao barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami kutoka mpaka wa Uganda. Kilikuja na wafanyabiashara waliomiminika baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005. Na zaidi ya yote kilirudi pamoja na wenyeji wenyewe waliokuwa ukimbizini. Hili la mwisho tulilijua kama mtu anavyojua habari za gazetini. Uzito wake hatukuuhisi hata kidogo.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu wa Kiingereza mwenye umri kama wetu, mtu mpole, msemaji wa taratibu. Jioni ya siku ya pili alituambia kuwa huko Gudele, upande wa magharibi wa mji, ipo baa ndogo ya mtaani yenye Kiswahili ukutani, na kwamba yeye binafsi haipendi sana, lakini mwalimu wa Kiswahili hana budi kuiona. Basi tukapanda bodaboda mbili, tukapita katika matope ya masika yao, mlima Kujur ukiwa kushoto kwetu, hadi tukafika.

Kwa nje ilikuwa ua wa mianzi na paa la mabati, kama nyumba nyingine za mtaa ule. Ndani tulisimama tukashangaa. Dari lote lilikuwa turubai jeupe, la aina ile ile wanayopewa wakimbizi kujengea vibanda. Viti vilikuwa mabenchi ya mbao, na mito yake imeshonwa kwa magunia ya unga wa msaada. Bia ilinywewa katika makopo ya mafuta ya kula yaliyokatwa, yakasuguliwa makali, yakatiwa mishikio. Mlangoni alikaa kijana na daftari kubwa, akatuuliza jina, halafu akatuuliza kwa uso mkavu: “Nyumbani mko wangapi?” Tulipomjibu, aliandika hesabu hiyo juu ya kadi ya karatasi ngumu, akatukabidhi, akatuonya tusiipoteze.

Ili upate kinywaji ulitakiwa upange mstari kati ya kamba mbili hadi kwenye kidirisha chenye nondo. Hapo ulitoa kadi, nayo ikatobolewa kwa msumari, tundu moja kwa kopo moja. Wakati wa kuondoka matundu yalihesabiwa nawe ukalipa. Aliyejaribu kupita wenzake alizomewa na baa nzima hadi arudi mwisho. Na mara moja kwa usiku, mwenye baa, mwanamke mrefu wa makamo, alisimama juu ya kreti na kipaza sauti, akasoma majina kutoka katika daftari. Aliyeitwa alikwenda mbio na kupewa karanga za bure, zilizopimwa kwa kopo na kusawazishwa juu kwa kijiti, isizidi hata punje moja. Punje ikianguka, watu walipiga kelele kana kwamba timu yao imefungwa bao.

Tulicheka sana. Hatuna haja ya kulificha hilo. Tulipanga mstari, tukasukumwa, tukasukuma, tukazomewa, tukaona kwamba tumepata jambo la kuwasimulia wenzetu tukirudi. Hatukuangalia kwamba mwenyeji wetu hakuchukua kadi. Kijana wa mlangoni alimfahamu, akamletea soda bila kumuuliza neno.

Kando ya kidirisha palitundikwa ubao mweusi, na juu yake kwa chaki, herufi kubwa:

KILA MUTU NA LAINI YAKE.
HAKUNA KURUKA LAINI.
USISUKUMANE.
KADI IKIPOTEA UMEPOTEA.

Chaki yenyewe ilikuwa pale, juu ya ukingo wa ubao. Mwenye baa alikuwa ameingia nyuma kwa shughuli zake. Nasi, kwa moyo mweupe kabisa, kwa kuona kwamba tunatoa zawadi ambayo mwingine pale asingeweza kuitoa, tukainuka na kusahihisha. “Mutu” tukaifanya “mtu”. “Laini” tukaifuta mara mbili na kuweka “foleni”. “Usisukumane” tukaitengeneza kuwa “msisukumane”, kwa maana mtu mmoja hawezi kusukumana na nafsi yake. Na ule mstari wa mwisho, ambao tuliuona umekatika kimantiki, kwani kadi na mwenye kadi ni vitu viwili, tukauandika upya: “Kadi ikipotea, hupewi nyingine.” Kisha tukarudi kukaa, tukajifuta chaki mikononi.

Baa ilikuwa imepoa. Sasa tunajua ilikuwa imepoa. Wakati ule tulidhani watu wanasoma.

Mwenye baa alitoka, akauona ubao, akausoma wote kwa sauti ya chini, pole pole, kama mwanafunzi hodari. Akauliza ni nani. Tukajitaja, naye akaja kukaa mbele yetu, mikono juu ya magoti.

“Mwalimu, shikamoo,” alisema, ingawa umri wetu haukupishana kwa mengi. Alitusalimu kwa cheo. “Umeandika vizuri. Lakini hiyo ya mwisho si kweli.”

Tukamwambia kwamba sarufi ndiyo iliyotulazimu, kwamba kadi ndiyo ipoteayo wala si mtu.

“Kule ni mtu,” alijibu. “Kadi ikipotea, jina lako halisomwi. Jina lisiposomwa, hakuna anayejua kama uko. Mama yangu alipoteza kadi mwaka mmoja wakati wa mvua. Tulikuwa watoto wanne. Tulikuwa tumepotea sote, na tumekaa pale pale, mbele ya hema yetu.”

“Kule” ilikuwa Kakuma. Alifika huko akiwa mtoto wa miaka tisa, katika mwaka ule ule kambi ilipoanzishwa, yaani 1992, nchini Kenya katika ardhi kavu ya Waturkana, wakati maelfu ya watoto na watu wazima wa Sudan Kusini waliokuwa wamekimbilia Ethiopia walipolazimika kuhama tena baada ya utawala wa Mengistu kuanguka mwaka 1991. Alirudi Juba mwaka 2007. Kiswahili alikipata huko, darasani kwa mtaala wa Kenya, na zaidi mstarini, kutoka kwa Waturkana, Wakongo, Wasomali na polisi. Inafaa tuseme hapa, kwa njia ya kupita, kwamba waandishi wa kigeni hupenda kueleza kuwa “Kakuma” ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwapo. Kila mwalimu asomaye haya anajua kuwa neno hilo halimo katika Kiswahili chetu. Hata hivyo uongo huo umeandikwa na kurudiwa na watu wenye vyeo vikubwa, na hatujasikia kuwa mmoja wetu alichukua chaki akaenda kuwasahihisha.

Tulimwomba radhi. Akasema hapana neno, akatuuliza kama kopo letu limekwisha, akatuelekeza mstarini.

Njiani mwenyeji wetu ndipo alipofungua moyo wake. Tulikuwa tumeamua kutembea kidogo, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Alituambia kuwa yeye hakulelewa Kenya bali Khartoum, miongoni mwa watu waliokimbilia kaskazini wakati wa vita. Serikali ya Nimeiri ilitangaza sheria za Septemba mwaka 1983, na pombe ikapigwa marufuku. Wanawake wa kusini waliofika huko bila shamba wala kazi walikuwa na ujuzi mmoja wa kuwalisha wanao, nao ni kupika pombe ya mtama, marisa, na ile kali iitwayo aragi. Walikamatwa kwa mamia, wakachapwa viboko, wakafungwa katika gereza la wanawake la Omdurman. Mama yake alikuwa mmoja wao, tena si mara moja.

“Mimi nami nifungue baa?” alituuliza. “Nitundike kiboko ukutani? Mteja akichelewa kulipa tumchape kidogo, watu wacheke?”

Hatukuwa na jibu. Naye aliendelea, na hoja yake ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Alisema mzaha juu ya jambo lililokwisha unaweza kuvumilika; lakini posho ya msaada si jambo lililokwisha katika nchi ile. Tangu mapigano ya Desemba 2013 maelfu ya watu waliingia katika maboma ya Umoja wa Mataifa hapo hapo Juba kuokoa roho zao, wakaishi miaka chini ya turubai kama lile la darini. Mnamo Februari 2017 njaa kuu ilitangazwa rasmi katika sehemu za jimbo la Unity. Je, mtu aliyetoka kupanga mstari wa kweli asubuhi, akapita Gudele jioni na kuona watu walioshiba wakisukumana kwa kucheza, afikiri nini?

Ndugu msomaji, hili ndilo swali letu. Je, ni haki kuigeuza dhiki kuwa pambo? Na kama ni haki, ni haki ya nani?

Yuko atakayesema kwamba tunakuza mambo. Kwamba baa ni baa, na mfanyabiashara hutafuta cha kuwavutia wateja. Juba ina hoteli kando ya Nile, ina wauza chai chini ya kila mwembe, ina watu wa kila taifa jirani wanaogombea wateja wale wale. Hata kiwanda cha bia kilichofunguliwa mwaka 2009, ambacho wengi walikiona ni alama ya uhuru wao baada ya miaka ya marufuku, kilifungwa mwaka 2016 kwa kukosa fedha za kigeni. Mwenye kijibaa cha Gudele afanye nini basi ili watu wapite baa nyingine kumi wafike kwake? Jibu hili lina ukweli wake, lakini halijibu swali. Linaeleza kwa nini jambo limefanywa, wala halielezi kama lafaa kufanywa. Tuliache.

Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri yake, aliwashitaki waigaji wote kwa pamoja. Alisema kuna kitanda cha asili, ambacho ni wazo lenyewe. Kuna kitanda cha seremala, kinachoiga wazo. Na kuna kitanda cha mchoraji, kinachoiga kitanda cha seremala, kwa hiyo kiko mbali na kweli hatua mbili. Mchoraji hajui kitanda. Anajua sura ya kitanda tu. Kwa kipimo hiki baa ile ni kivuli cha kivuli: njaa ni kweli, mstari wa kambini ni chombo cha kuikabili njaa, na mstari wa Gudele ni sanamu ya mstari. Tulipokuwa chuoni tukisomea stashahada yetu tulifundishwa hoja hii, tukaiandika katika mtihani, tukapata alama.

Lakini Plato alimfikiria mwigaji aliyesimama nje ya kitu. Hakumfikiria yule ambaye amelala juu ya kitanda hicho miaka kumi na mitano, kisha akakichora. Mwenye baa ya Gudele hakuiga sura. Ukisawazisha kopo la karanga kwa kijiti, mkono wake unajua kijiti kinakaa wapi, na unajua mama wa watoto wanne anakitazamaje.

Kwetu sisi kuna hekima nyingine iliyo karibu zaidi kuliko Athene, nayo ni utani. Kila aliyezikiwa ndugu Tanzania bara amewaona watani wakiingia msibani. Watamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa mchoyo, alivyokuwa akikohoa. Watalala kaburini wakidai kulipwa kabla ya jeneza kushuka. Na mjane, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua kichwa, atacheka huku analia. Maneno hayo hayo yakitoka kinywani mwa jirani asiye mtani ni tusi, na ngumi zitarushwa. Wangoni na Wahehe, waliouana kwa mikuki katika karne ya 19, leo ni watani. Kwa hiyo wazee wetu hawakuuliza kama neno fulani ni zuri au baya. Waliuliza: wewe msemaji ni nani kwa huyu asemwaye? Haki ya mzaha ilitoka katika uhusiano, na uhusiano wenyewe mara nyingi ulinunuliwa kwa damu.

Tukiipima baa kwa utani, tunaona jambo ambalo hatukuliona tulipokuwa ndani. Palikuwa na vicheko zaidi ya kimoja. Walikuwapo wateja waliokulia Kakuma, nao walijulikana kwa namna walivyozipokea karanga: hawakuzitazama, walimtazama mpimaji. Hao ni watani wa njaa. Wana haki nayo. Tulikuwapo sisi, tuliocheka kwa kuwa jambo lilikuwa jipya kwetu. Na alikuwapo mwenyeji wetu asiyecheka, ambaye dhiki yake ilikuwa ya nchi nyingine na chombo kingine, na ambaye huenda angekuwa mtani wa mwenye baa kama mmoja wao angethubutu kuanza.

Haki yetu sisi ilitoka wapi? Tulijichunguza, nasi hatukupenda tulichokiona. Zamani tulifundisha katika shule moja wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, si mbali sana na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Basi lilipopita tuliwahi kuiona mistari ya watu na ndoo zao, mirefu, imetulia. Tulitazama kutoka dirishani. Hatukumbuki uso hata mmoja. Tunakumbuka kwamba abiria mmoja alisema neno la kuchekesha kuhusu urefu wa mstari, na kwamba basi zima lilicheka, nasi tukiwamo.

Hata hivyo kipimo cha utani hakituvushi hadi ng'ambo, wala hatutaki kumdanganya msomaji kwamba kinatuvusha. Utani una pande mbili; mtaniwa naye ana zamu yake ya kujibu. Je, yule aliyetoka kwenye mstari wa kweli asubuhi, atajibu lini? Jioni ya siku ya nne tulirudi Gudele peke yetu, tukamweleza mwenye baa maneno ya mwenyeji wetu bila kumtaja. Alisikiliza hadi mwisho.

“Ni kweli,” alisema. “Wengine hurudia mlangoni. Wakiona turubai tu wanarudi.”

Tukamuuliza huwa anafanya nini.

“Siwaiti.”

Akanyamaza kitambo, akipangusa kaunta. Kisha, kana kwamba tumemuuliza swali jingine, akasema: “Mwalimu, mimi nilipanga laini miaka kumi na tano. Miaka kumi na tano sijawahi kujua ndani ya dirisha kunakaaje. Anayekaa ndani alikuwa mkono tu. Sasa dirisha ni langu. Nakaa ndani, naona sura za watu. Unajua mtu akiwa kwenye laini ana sura gani? Wao hawakuwahi kutuambia.”

Maneno haya ndiyo yaliyotufanya tuandike. Kwa maana Plato alishughulikia kama mwigo unafanana na kweli. Lakini hapa mwigo ulifanana na kweli katika kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa shabaha: nani yuko upande gani wa nondo. Hatusemi kwamba jambo hilo linamjibu mwenyeji wetu. Kiboko cha Omdurman hakiwezi kutundikwa na kuwa pambo kwa sababu tu aliyetundika ndiye aliyechapwa. Pengine ziko dhiki zinazokubali kuchezwa na ziko zisizokubali, na njaa ya pamoja, iliyopangiwa mstari na kusomewa majina, inakubali kwa sababu ndani yake mlikuwa na wenzako, ilhali fimbo humpata mtu peke yake. Hili ni wazo tu. Tulilipeleka kwa mwenyeji wetu, akatikisa kichwa, akasema mama yake alifungwa pamoja na wanawake mia, na kwamba walikuwa wakiimba.

Tunayoweza kuyasema kwa uhakika zaidi ni juu yetu wenyewe na ule ubao. Sisi walimu wa Kiswahili tumekaa ndani ya dirisha kwa muda mrefu, hata tumesahau kwamba lina nondo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Watu wa Mombasa wenyewe, wenye lugha yao ya tenzi na mashairi ya karne nyingi, walinung'unika, nao walijibiwa kwa kutobolewa kadi kama wengine. Hatusemi kwamba usanifu ulikuwa kosa. Bila huo huenda tusingekuwa na kitabu kimoja cha kiada kisomwacho kutoka Lamu hadi Kigoma, wala tusingealikwa Juba. Lakini aliye dirishani hupata mazoea ya kuwaona watu kama mikono inayonyoosha kadi. Tulipofuta “umepotea” tulidhani tunatoa kosa. Tulikuwa tunafuta habari. Mwanamke yule alikuwa ameyaweka maisha ya mama yake katika maneno matatu, na sisi tukayabadili kuwa tangazo la ofisi ya posta.

Wala si kila sahihisho letu lilikuwa na hadhi tuliyolipa. Lile “foleni”, tuliloliweka kwa kujiamini mahali pa “laini”, wajuzi hulitoa katika amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari. Tulifuta Kiingereza cha Kakuma tukaweka Kiingereza cha kambi ya jeshi kilichotutangulia kuvaa kanzu.

Je, basi mwalimu asisahihishe? Hapana, mtoto aandikaye “mutu” katika mtihani atakosa alama, na kumwacha akose kwa kuonea huruma asili yake ni ukatili wa namna nyingine. Wenyeji wetu wa Juba hawakutualika tukawasifie makosa. Mwenye baa mwenyewe ana binti anayesoma, naye alituomba tumpitishie daftari lake la Kiswahili. Tulilipitia, tukalitia wino mwekundu kwa haki, naye mama akafurahi. Tofauti ya daftari na ubao tunaiona, lakini tukitakiwa kuiandika kama kanuni ya kufuatwa na walimu vijana tunakwama. Daftari lililetwa kwetu, ubao hatukuletewa. Hiyo ni tofauti moja. Daftari lilikuwa la mtu ajifunzaye. Ubao ulikuwa wa mtu asemaye. Hiyo ni ya pili, ingawa twajua vema kwamba mtoto naye husema, na pengine katika insha zote tulizotia wekundu kwa miaka ishirini zimo “umepotea” kadhaa ambazo hatukumpata mtu wa kutuambia.

Siku ya kuondoka ndege ilichelewa, kwa hiyo tulipata nafasi ya kwenda kuaga. Ilikuwa mchana, baa ilikuwa tupu, kijana wa mlangoni akifua magunia. Ubao ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya, kwa herufi zake mwenyewe mwenye baa, zile kubwa zinazoegemea kulia. “Kila mutu” alikuwa amerudi. “Usisukumane” ilikuwa imerudi vile vile. Mstari wa nne ulikuwa kama zamani, neno kwa neno. Lakini katika mstari wa kwanza na wa pili palisomeka FOLENI.

Tulimuuliza kwa nini ameliacha hilo.

“Hilo zuri,” alisema. “Kule tulikuwa na laini, na hapa nina laini. Sasa nikiweka foleni, watu wanauliza foleni ni nini, nawaambia kuna mwalimu alikuja.” Akanyoosha mkono kupitia nondo. “Leta kadi.”

Tukampa. Ilikuwa na matundu saba, nasi tulikuwa tumekwisha kulipa yote. Akachukua msumari, akaongeza la nane.